Kumpakia mgonjwa basi si kudhibiti ugonjwa

Chuo kinachompa mwanafunzi anayekohoa karatasi ya ruhusa na kumwambia aende kwao akapumzike hakijadhibiti ugonjwa wowote. Kimeutoa bwenini na kuupakia basi. Hiyo ndiyo hukumu ya tahariri hii, na tunaitoa mapema ili mkuu wa chuo asiye na muda wa kusoma mpaka mwisho aondoke nayo.

Utaratibu wenyewe anaujua kila aliyewahi kulala bweni. Kijana anakohoa wiki ya kwanza, wenzake wanamtania. Wiki ya pili wanageuza mito, wanalala miguu ikielekea upande wake. Wiki ya tatu mmoja anachoka, anakwenda kwa mlezi wa bweni. Mlezi anafikisha neno kwa mshauri wa wanafunzi, na mshauri anaandika ruhusa ya siku 14. Hakuna aliyeuliza kama makohozi yamepimwa. Hakuna aliyeorodhesha majina ya wanaolala chumba kile. Jioni kitanda kiko wazi na chuo kimetua mzigo. Alfajiri kijana yumo ndani ya basi lililofungwa vioo kwa ajili ya vumbi, kabanwa kati ya abiria wawili ambao hawajui kitu.

Basi hilo, kwa wengi wa vijana wa ukanda wetu, linapita Iguguno.

Tunaitaja Iguguno kwa makusudi. Ni kata ya Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, kwenye barabara kuu itokayo Singida mjini kwenda Nzega na kuendelea hadi Mwanza. Makao makuu ya wilaya yako Nduguti, nje ya barabara hiyo. Iguguno ndiko mabasi yanakosimama. Kijana anayesoma ualimu Kinampanda, anayesoma uhasibu katika tawi la TIA Singida, anayejifunza uuguzi Haydom, aliyepata nafasi Dodoma, aliyeko Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msingi humuhumu wilayani, wote wana njia zao za kurudi nyumbani, na kwa wazazi wengi wa eneo hili njia hizo zinakutana kwenye lami ile. Chuo kikikohoa popote kati ya Dodoma na Mwanza, hapa tutasikia.

Akishashuka, anakwenda kulala wapi? Vijijini mwetu bado zipo nyumba za tembe, ukuta wa udongo, paa la udongo, vitundu vidogo mahali pa madirisha. Zilijengwa hivyo kwa busara, maana upepo wa Singida na baridi ya Juni havina mzaha. Lakini tembe inayozuia upepo usiingie inazuia pia pumzi ya mgonjwa isitoke. Humo ndimo mwanachuo atakamolala na wadogo zake, na pengine na bibi yake ambaye amepikia kuni miaka 50 na mapafu yake yamekwisha kuchoka. Tena ni mwezi wa kupura alizeti. Kila mtu anakohoa vumbi, hivyo kikohozi cha mgeni hakimshtui mtu. Kikija kumshtua mtu, kitakuwa na wenzake wawili ndani ya nyumba.

Nchi hii ilipata somo hilo kwa ukubwa wake wote mwaka 2020. Jumatatu ya Machi 16, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19, mama wa miaka 46 aliyetua Kilimanjaro siku moja kabla, akitokea Ubelgiji. Siku ya pili yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule kuanzia za awali hadi kidato cha sita kwa siku 30. Machi 18 akafunga vyuo. Ndani ya siku tatu, mabweni ya nchi nzima yalikuwa yanafungashwa: magodoro, ndoo, masanduku ya bati, na vijana kwa maelfu katika vituo vya mabasi, bega kwa bega, wakielekea kila wilaya ya Tanzania. Walirudi vyuoni Juni 1 pamoja na kidato cha sita.

Hatulaumu uamuzi wa kufunga. Wiki ile hapakuwa na aliyejua ukubwa wa jambo, na serikali iliyosita ingelaumiwa zaidi. Tunachohoji ni ile namna. Hakuna chuo tunachokifahamu kilichowatoa wanafunzi wake kwa zamu, wa kanda hii leo na wa kanda ile keshokutwa. Hakuna orodha iliyotangulia kwa waganga wakuu wa wilaya kusema watoto wenu kadhaa wanakuja, waangalieni kwa siku 14. Kisha takwimu zenyewe zikanyamaza: Aprili 29 zilitangazwa kwa mara ya mwisho, wagonjwa 509 na vifo 21, na ukimya ukaendelea kwa zaidi ya mwaka. Kwa hiyo hata leo hakuna anayeweza kusimama Iguguno akasema kwa hesabu msafara ule wa wanafunzi uliacha nini nyuma yake. Somo lisilopimwa ni rahisi kulisahau, nasi tumelisahau vizuri sana. Ndoo za kunawia zilizojaa milangoni mwa vyuo mwaka ule zimegeuka vyombo vya kufulia.

Wenye fedha kutuzidi nao walijikwaa kwenye jiwe hilohilo. Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, Marekani, kilifungua madarasa Agosti 10, 2020 na baada ya wiki moja tu, Agosti 17, kikatangaza kuhamishia masomo ya shahada ya kwanza mtandaoni, na mabweni yakaanza kumwagika. Mwanzoni mwa Septemba Dk. Anthony Fauci, aliyekuwa sauti kuu ya sayansi ya magonjwa ya kuambukiza nchini humo, aliwaonya wakuu wa vyuo kwamba kuwarudisha makwao wanafunzi walioambukizwa ndilo jambo baya kuliko yote wanayoweza kufanya, kwa kuwa chuo hukusanya watu wa kila pembe na kuwatawanya ni kuupanda ugonjwa kila pembe. Aliwataka wawatenge palepale chuoni. Hakuna mtambo wowote katika ushauri huo. Unahitaji chumba.

Hapa ndipo wakuu wa vyuo watakapotujibu kwamba chuo si hospitali. Ni kweli, na hakuna anayekidai kiwe hospitali. Watasema bajeti haitoshi, mabweni yamejaa, wazazi wenyewe hupiga simu wakidai mtoto wao arudishwe mikononi mwao. Hoja ya wazazi tunaiheshimu. Mama anayesikia mwanawe anaumwa ugenini hatulii. Lakini mama huyo hajaambiwa ukweli. Ameambiwa mtoto ana "kifua kidogo", hewa ya nyumbani itamsaidia. Angeambiwa kwamba mtoto anashukiwa kuwa na ugonjwa unaosambaa kwa hewa, kwamba kipimo kiko umbali wa bodaboda moja kutoka chuoni, na kwamba akikaa siku chache atakuwa salama yeye na bibi yake, akina mama wengi wa Iguguno wangesema mwanangu, kaa hukohuko upimwe kwanza.

Tuseme sasa jina la ugonjwa unaotusumbua zaidi, maana mafua na Uviko-19 huja na kupita, na Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutangaza mwisho wa dharura ya Uviko-19 Mei 5, 2023. Kifua kikuu hakijapita. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 duniani zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Tumepiga hatua, hilo lisemwe kwa sauti: kiwango cha wagonjwa wapya kimeshuka kwa zaidi ya theluthi moja tangu 2015, na watumishi wa afya walioleta mafanikio hayo hawajashukuriwa vya kutosha. Lakini bakteria aliyetambuliwa na Robert Koch tangu Machi 24, 1882 bado anapenda kilekile alichokipenda siku zote: chumba kidogo, watu wengi, dirisha lililofungwa, na usiku mrefu. Mtu angetaka kumjengea makazi, angejenga bweni.

Na kinachotukasirisha ni kwamba huu ni ugonjwa unaotibika, dawa zake ni za bure, na kipimo chake ni cha bure katika vituo vya umma. Kanuni ya kushuku ni nyepesi kiasi cha kuandikwa kwenye mlango wa bweni: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, kikohozi cha siku yoyote kinatosha. Mtu atoe makohozi, yapelekwe kwenye mashine ya GeneXpert, na mashine yenyewe ikishaanza kazi hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi, pamoja na kusema kama vijidudu vimekuwa sugu kwa dawa kuu ya rifampisini. Morogoro, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa makohozi na kugundua kifua kikuu ambacho darubini imekikosa, kazi wanayoifanya tangu 2007. Panya wamefika hapo. Sisi bado tunawasubiri washauri wa wanafunzi ambao hawajafikia kuuliza, "Umekohoa siku ngapi?"

Jibu likija kwamba anao, hapo ndipo chumba kinapohitajika, tena kwa muda mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida aliyeanza dawa sahihi na kuzimeza kila siku hupunguza sana uwezo wa kuambukiza ndani ya wiki 2 hivi. Dawa zenyewe kwa kawaida ni miezi 6, miwili ya mwanzo ikiwa ya dawa nne kwa pamoja na minne ya mwisho ya dawa mbili. Maana yake kijana anaweza kutengwa wiki mbili, akaletewa uji na notisi zake mlangoni, kisha akarudi darasani na kuendelea kumeza vidonge huku akisoma. Hapotezi mwaka. Hapotezi hata muhula. Anayempotezea mwaka ni yule anayemwandikia ruhusa bila kipimo, akaenda nyumbani, akanywa dawa za kikohozi za dukani miezi miwili, na akarudi akiwa mifupa.

Kuna shimo jingine ambalo vyuo havilioni, nalo limechimbwa na kalenda yao wenyewe. Likizo ndefu ya vyuo vingi huzidi miezi miwili. Katika kumbukumbu za tiba ya kifua kikuu, mgonjwa aliyekatisha dawa kwa miezi 2 mfululizo huhesabiwa kuwa amepotea. Sasa chukua mwanafunzi aliyeanza dawa Mei katika kituo kilicho karibu na chuo. Julai chuo kinafungwa, anakuja Iguguno na pakiti ya wiki mbili. Kama hakupewa fomu ya uhamisho, na kama mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya anakotoka hakuwapigia wenzake wa Mkalama, basi kijana huyu ataingia zahanati akiwa mgeni asiye na faili. Wengine hawaingii kabisa. Wamekwisha kupata nafuu, kikohozi kimekata, wanaona aibu. Oktoba wanarudi chuoni na vijidudu vilivyoonja dawa bila kuuawa nayo. Huko ndiko usugu unakozaliwa, na mgonjwa wa aina hiyo tiba yake ni nzito zaidi na ghali zaidi, kwa utaratibu unaosimamiwa na hospitali maalumu ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro.

Simu moja. Fomu moja. Tunasisitiza udogo wa kinachokosekana kwa sababu kila mjadala wa afya nchini huishia kwenye majengo.

Lipo kundi ambalo tunataka wasomaji walitazame kwa makini kuliko jingine lolote. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa fikra za Mwalimu Nyerere na msaada wa Sweden, leo ni 54 nchini, na kimoja, kama tulivyosema, kiko Msingi wilayani kwetu. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, vyuo hivi vimewarudisha masomoni wasichana waliokatisha shule kwa ujauzito, na vikafanya jambo la utu ambalo vyuo vikubwa havijalithubutu: vimewapokea pamoja na watoto wao na kuwawekea mahali pa kulelea. Tunaupongeza mpango huo bila kusita. Lakini palipo na watoto wachanga ndani ya chuo, kikohozi cha mtu mzima hakiwezi kuachwa kijiishie. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayevuta vijidudu vya kifua kikuu yuko hatarini kuugua haraka, na kwake ugonjwa hupenda kuruka mapafu na kupanda kwenye utando wa ubongo. Mtoto wa namna hiyo akijulikana mapema hupewa dawa za kinga. Asipojulikana, mama yake anayejifunza ushonaji ili ajikwamue atakuwa amelipa gharama ambayo hakuna cheti kinachoweza kuirudisha. Ndiyo maana tunasema orodha ya waliolala chumba kimoja na mgonjwa si karatasi ya kujaza kabati. Kila jina ndani yake lina mtu anayepaswa kuulizwa, kupimwa, na pengine kukingwa.

Tuje kwenye madirisha. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya katika hospitali za Lima, Peru. Waligundua kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa ya wodi kuliko mitambo ya kisasa ya kupitisha hewa, na kwamba majengo ya kale yenye dari za juu na madirisha mapana yaliwashinda wenzao wapya. Sisi tunajenga mabweni yenye dari za chini, madirisha ya vioo vya kusukuma ambavyo nusu yake haifunguki hata ukitaka, na juu ya nusu iliyobaki tunatundika mapazia, mashuka na taulo. Katika mkoa huu! Singida ina upepo ambao wapangaji wa umeme wameuandikia miradi kwa miaka mingi. Bwenini unaweza kutumika usiku wa leo bila mwekezaji, bila upembuzi yakinifu, bila hafla ya kukata utepe. Baridi? Ndiyo, Juni na Julai ni baridi. Blanketi la pili ni rahisi kuliko mapafu ya pili, na chuo kinachotoza ada ya malazi kinaweza kuliweka kwenye orodha ya vifaa vya kuripotia.

Lakini hata chuo chenye madirisha, chumba cha kutengea na muuguzi hodari hakitafika mbali kama kanuni zake za mitihani zinamwadhibu anayesema ukweli. Mwanafunzi anajua hesabu yake. Akikosa testi mbili, alama za mwendelezo zinaanguka. Akikosa mtihani wa mwisho, anaingia kwenye sapu, na sapu ina ada yake na aibu yake. Akiwa wa mkopo, anaogopa bumu lisije likatoka akiwa hayupo kusaini. Kwa hiyo anaficha. Anameza vidonge vya maumivu, anakaa nyuma ya ukumbi, anakoholea kwenye kiwiko cha sweta, na anaomba Mungu wiki ya mitihani iishe. Tusimwite mzembe. Sisi watu wazima tuliomwekea mtego huo ndio wazembe. Kanuni ya chuo iseme wazi kwamba mwenye ugonjwa wa kuambukiza uliothibitishwa na daktari hufanya mtihani wake wa kwanza kwa tarehe nyingine, bila ada, bila alama kukatwa, bila kupigishwa foleni kwa mkuu wa idara kueleza mapafu yake. Mpaka kanuni hiyo iandikwe, mabango ya "funika mdomo unapokohoa" ni mapambo.

Na wanaoishi nje? Vyuo vingi sasa vina wanafunzi wengi mageto kuliko mabwenini. Watatu au wanne wanachangia chumba kimoja cha kupanga, pazia likigawanya jiko na kitanda, na dirisha halifunguliwi kwa kuogopa wezi. Huko hakuna mlezi wa bweni wa kushtukia kikohozi. Serikali ya wanafunzi, ambayo hupata nguvu nyingi msimu wa kampeni, ingeweza kupata kazi ya kweli hapa: kila mtaa wenye mageto uwe na mwanafunzi mmoja aliyefundishwa dalili na anayejua namba ya kupiga.

Kuhusu siri hatutarefusha, kwa kuwa sheria imekwisha kusema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Kiongozi wa darasa anayeandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba fulani wa chumba namba fulani "ana TB, jihadharini" anavunja haki ya mwenzake, na mkuu wa chuo anayelijua hilo na kunyamaza ni mshiriki. Upande wa pili, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inataka magonjwa ya kutolewa taarifa yafikishwe kwa mamlaka ya afya. Mambo haya mawili hayagombani. Mganga ajue, wenzake wa chumba waambiwe wapimwe, umma wa WhatsApp usijue. Ni jambo ambalo karani yeyote wa masjala analielewa.

Tukumbushe pia habari ya fedha, kwa kuwa ndiyo hoja inayotolewa kwanza. Mwanafunzi wa elimu ya juu asiye na bima nyingine amekuwa akilipa Sh50,400 kwa mwaka kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Ni fedha ya mzazi, mara nyingi ni gunia la vitunguu au la alizeti lililouzwa kabla ya bei kupanda. Mzazi huyo ana haki ya kuuliza kwa nini kadi aliyoilipia haikutumika, na mtoto badala yake akapewa nauli ya kurudi. Kipimo cha makohozi hata kadi hakihitaji. Na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya kifua kikuu barani imetikisika. Yule mhudumu wa jamii aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba huenda kesho asipite. Mikoa kama yetu haiwezi kuendelea kudhani kwamba chuo kikishindwa, mradi wa wafadhili utaokota.

Kwa hiyo tunadai. Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, pamoja na Tume ya Vyuo Vikuu, ambao hukagua maktaba, maabara na idadi ya wahadhiri kabla ya kutoa ithibati, wakague na chumba cha kutengea wagonjwa: kina dirisha linalofunguka pande mbili, kina choo chake, kina mtu aliyepewa jukumu la kupeleka chakula. Chuo kisicho nacho kisiongezewe udahili. Mkuu wa chuo atakayesaini ruhusa ya mgonjwa wa kikohozi cha wiki mbili bila majibu ya makohozi awajibike kwa jina lake, kama anavyowajibika mhasibu aliyesaini hundi bila hati. Na Halmashauri ya Mkalama isisubiri Dodoma iamke. Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza wiki hii kuwaandikia wakuu wa vyuo ambako watoto wa wilaya hii wanasoma, akawapa namba ya mratibu wake wa kifua kikuu, na kuwataka wapige kabla mgonjwa hajapanda gari.

Wewe mzazi wa Iguguno, simu ya chuo ikiita kukuambia mwanao anarudishwa kwa sababu ya kifua, usikimbilie kutafuta nauli. Uliza kwanza: makohozi yamepimwa lini, majibu yamesemaje, na waliolala naye chumba kimoja wamepimwa au hawajapimwa? Wakishindwa kujibu, waambie mtoto abaki huko mpaka wayapate majibu. Haki hiyo unayo, na chuo kinalipwa kwa kazi hiyo.